Uzi wa Chini ya Mfuko

Newala, Ijumaa jioni

Mwanangu Somoe,

Shikamoo yako ya kesho naipokea leo. Marahaba, mwanangu, marahaba sana. Kesho lori litakapopiga honi, mimi nitakuwa Chilangala shambani kwa babu yako Mzee Nandonde, nimebeba mashine ya kupulizia salfa mgongoni, nanguruma kama trekta bovu. Najua umenuna. Mama gani huyu, binti anapanda lori la Songea kwenda chuo na yeye hayupo hata kupunga mkono? Soma kwanza, halafu ndiyo unune vizuri.

Mambo ya sabuni, ya kufunga sanduku, ya kutokula vyakula vya njiani, shangazi yako ameyasema wiki nzima mpaka na kuku wameyakariri. Sirudii. Mimi nakuandikia habari ya mwizi. Wezi wenyewe walikuwa wawili. Mmoja unamjua, wa pili nitakutajia.

Mwandiko unisamehe. Niliishia darasa la nne, tena hilo la nne lenyewe nusu. Mvua ilibomoa ukuta wa shule, nikaona ni ruhusa ya Mungu, nikaenda kuuza karanga.

Yule Komba unamjua kwa jina tu. Mlikuwa mnamwimba mkiruka kamba hapo uani, "Komba unga, Komba unga", na mimi nacheka huku moyo unaniuma. Leo nakupa habari nzima.

Zamani salfa ya mikorosho, ile dawa ya ubwiri, tulikuwa tunapata kwa chama cha ushirika. Ilikuja imechelewa, ilikuja kidogo, ukilalamika unaambiwa subiri, lakini ilikuwa salfa. Halafu mambo yakafunguliwa. Ikawa ruksa kila mtu auze anachotaka. Mimi ruksa siitukani, maana ndiyo iliyonipa biashara ya mitumba, na mitumba ndiyo iliyokusomesha. Lakini mlango ukishafunguliwa, mbuzi anaingia na fisi anaingia, na siku zile fisi walikuwa wananyoa ndevu na kuvaa saa.

Komba alinikuta sokoni nimekaa juu ya robota langu la mashati.

"Mtani," akasema, "shati hili la marehemu gani?"

"La babu yako," nikamjibu. "Wewe mtani kabila gani?"

"Mngoni wa Songea."

"Ahaa! Nyie ndio mliokula mbuzi wetu!"

"Tungewaacha wafanye nini, na wenyewe mmekimbia porini?"

Nikacheka mpaka nikashika robota. Mwanangu, mtu akinichekesha mimi nimekwisha. Huo ndio ugonjwa wangu na wewe umeurithi, nakuona. Mwizi haji kwako amekunja uso. Anakuja na utani, anakuja na heshima, shikamoo anaitoa amechuchumaa kabisa. Yule hata chumvi ya mwenzangu wa meza ya pili aliisifia.

Siku ya tatu akaniambia, "Mama Somoe, nina salfa. Mfuko kwa mfuko, ya kiwandani. Lakini wazee wenu wa kule juu hawanijui. Wewe wanakujua." Akaweka doti ya kanga mapajani kwangu. Kanga nyekundu, mpya, bado inanukia duka. Mimi nauza nguo walizovaa wazungu na kuzichoka, nguo mpya yangu mwenyewe nilikuwa sijaishika miaka mitatu. Nikaipokea.

Tukaenda Chilangala, yeye kwa baiskeli, mimi na mifuko juu ya gari la mkaa. Babu yako alikuwa anachambua mbegu barazani.

"Mgeni huyu ni wa nani?" akauliza.

"Wangu, mjomba."

"Basi karibu, mgeni. Kaa."

Mtihani ulikuwa huo tu. Kwetu huku mgeni aliyeletwa na mpwa hahojiwi. Ukimhoji umemtukana mpwa wako mbele ya watu. Komba alilijua hilo kuliko sisi, ndiyo maana hakwenda peke yake, akapitia kwangu. Ukiona mtu mpya anakupenda ghafla, jiulize anataka umpeleke kwa mzee gani.

Akafungua mfuko mmoja, ule mshono wa juu wa kiwandani, haujaguswa. Babu yako akaingiza mkono, akanusa, akakohoa, machozi yakamtoka. "Ndiyo yenyewe," akasema. Hapo wazee wengine wanane wakaja, maana Mzee Nandonde ameshasema. Babu yako aliuza mbuzi wawili na zile bati alizokuwa ameziweka nyumbani kwa ajili ya paa. Ndiyo maana mpaka leo ile nyumba ina nyasi upande mmoja na bati upande wa pili, kama mtu aliyenyoa kichwa nusu.

Komba akawaambia jambo moja zaidi. "Wazee wangu, hii ni ya kisasa. Mwanzo itawasha kidogo, halafu haiwashi macho kabisa."

Wakafurahi! Miaka yote salfa inawatoa machozi, sasa imekuja ya ruksa, haiwashi. Kijana anayempulizia babu yako alirudi asubuhi ya pili macho meupe kabisa, akasema, "Jamani, maendeleo!" Wewe unacheka. Mimi pia nilicheka.

Mwanangu, ule ulikuwa unga wa muhogo. Umetiwa manjano ya mchuzi. Komba alikuwa anageuza mfuko chini juu, anafumua kitako, anatoa salfa, anabakiza kidogo kule mdomoni, anajaza unga, anashona tena. Mdomo wa kiwanda, kitako cha Komba. Na salfa inapulizwa alfajiri, umande ukiwa majanini. Sasa unga wa muhogo na umande vikikutana inakuwa nini? Uji! Tuliinywesha mikorosho uji. Sisimizi walikuja kutoka pande zote kama wamealikwa harusini. Ubwiri nao ukaingia kwenye maua, yakawa ya kijivu, yakakauka, yakaanguka. Ile mikorosho ya upande wa bondeni, anayoipenda babu yako kuliko watu, haikutoa hata korosho ya kutafuna njiani.

Babu yako hakumwambia mtu. Kila asubuhi alichukua kapu akaenda shambani, akarudi na kapu tupu amelifunika kitambaa, ili majirani wadhani limejaa. Wazee wengine walifanya hivyo hivyo. Bibi mmoja mpaka leo anakwambia salfa yake ilikuwa nzuri, jua ndilo lilikuwa kali. Hapo ndipo mwizi anaponufaika mara ya pili. Mzee akishaibiwa anaona aibu kuliko mwizi mwenyewe, ananyamaza, na mwizi anahamia kijiji cha pili. Ukiwa na mzee wa hivyo usimcheke, na usimwambie "si nilikwambia". Kaa naye. Mletee chai. Mwache aseme siku atakayosema.

Yule mpulizaji aliponiletea habari sokoni, nilikwenda Chilangala nalia kwa sauti, kanga kichwani, "Tumeibiwa, mjomba! Tumeibiwa!" Na babu yako, aliyeuza bati zake, akaniinua pale chini. Akaniambia, "Nyamaza, mwanangu. Na wewe wamekudanganya."

Sasa shika hapo. Nitarudi.

Komba nilimtafuta msimu mzima. Kila mnada niliokwenda nilibeba mitumba na macho. Usidhani nilikuwa natafuta haki, haki sijui hata inakaa ofisi gani. Nilikuwa nataka nimwone analia. Nilikuwa nalala namwombea ubwiri umshike kwenye kope. Namwombea apate kiu akiwa amezungukwa na uji.

Siku moja Masasi, mama mmoja muuza dagaa akaniambia kuna Mngoni ana salfa Chiwata, mcheshi sana. Sikusubiri chenji. Nikakusanya wanawake wenzangu wa mitumba, sita, wote wanene kama mimi, na mmoja wetu mume wake ni mwalimu ametoka Songea, na yule mama mwenyewe ni Mngoni wa kuzaliwa. Tukapanda gari.

Tukamkuta kwenye baraza la mzee mmoja, amechuchumaa, anatoa shikamoo. Ile ile! Nikajua mkono wa mzee tayari uko mfukoni kutoa hela.

"Mtaniii!" nikapiga kelele. "Mtani wangu Komba!"

Akaniona. Alibadilika rangi, lakini akacheka, maana afanye nini mbele ya watu? "Mama Somoe! Bado unauza nguo za maiti?"

Yule mwenzetu Mngoni akamsogelea, akamsalimu Kingoni, maneno marefu mazuri. Komba akamwangalia kama mbuzi anayesomewa gazeti.

"Huyu si wetu," yule mama akasema. "Hata Kingoni cha kuombea maji hana."

"Hapana," nikasema, "yeye ni mtani. Amejitangaza Newala nzima. Na mtani kwetu anafanywaje?"

Wewe unajua. Mtani akichukua kitu chako hukasiriki. Tukamvua kofia. "Mtani, hii ya kufagilia." Tukamvua saa. "Mtani, hii ya kuangalia saa ya kukimbia." Viatu, mshipi, shati. Baiskeli mmoja akaipanda akazunguka nayo mbuyu... hapana, mwanangu, nisitie chumvi, hapakuwa na mbuyu, alizunguka nayo choo. Watoto wote wa Chiwata wamejaa. Na yeye anacheka! Ilibidi acheke, maana akikasirika amekiri si mtani. Meno yote nje, machozi yanamtoka. Mwanangu, ile sura nikiikumbuka mpaka leo chakula kinashuka vizuri.

Halafu nikachukua mfuko wake, nikaugeuza kitako juu, nikakata uzi, nikamwaga. Nikatia kiganja kimoja cha ule unga kwenye moto wa yule mzee. Salfa ikiungua inatoa moto wa buluu na moshi unaokaba roho. Ile ikatoa harufu ya ugali ulioshika sufuria.

Yule mzee wa Chiwata akanusa. Akasema taratibu, "Kumbe mgeni amekuja na chakula chake." Akawaambia vijana wamkalishe. Wakamlisha. Unga mkavu, wa manjano, kata baada ya kata, bila maji. Mimi nilikuwa nahesabu kata, kila moja naitajia jina la mzee wa Chilangala. Nilipofika kwa babu yako nikaomba wamwongeze.

Wakampeleka polisi akiwa na kaptula tu. Kilichoendelea huko sijui, ila baada ya siku chache alionekana njia ya Tunduru, anatembea. Siku hizi nasikia anauza dawa ya kuotesha nywele. Ukikutana naye huko unakokwenda, usimtukane, usimkimbize. Mcheke, mcheleweshe, niandikie. Nitapanda lori lolote. Nina kata moja ya unga nimemwekea kabatini.

Na Wangoni wa watu usiwaogope. Ulimi wetu ndio uliomwita yule Mngoni, Wangoni wenyewe hawakumwona.

Niliporudi nilipokelewa kama askari. Babu yako alinichinjia jogoo. Akanikatia firigisi kwa mkono wake, akasema mbele ya wazee, "Huyu ndiye macho yangu." Ile firigisi, Somoe, niliitafuna mpaka ikaisha ladha na haikushuka. Niliitema nyuma ya nyumba.

Sasa nakurudisha pale niliposema ushike.

Siku ile ya kwanza Chilangala, vijana walipokuwa wanapandisha mifuko kwenye ghala la babu yako, mfuko mmoja ulinyanyuliwa kitako juu. Nikauona mshono. Uzi wa juu ulikuwa wa kiwanda, mshono wa mashine, umenyooka. Uzi wa chini ulikuwa wa mkono, mweupe, umerukaruka, tundu jipya pembeni ya tundu la zamani. Mimi nauza mitumba, mwanangu! Kazi yangu ni mshono. Shati likifumuliwa na kushonwa tena Ulaya, mimi najua nikiwa nimefumba macho, kwa kidole. Niliuona, na nikajua mfuko umefunguliwa.

Na ile kanga nyekundu ilikuwa kiunoni kwangu.

Nikajiambia labda ulitoboka wakashona. Nikajiambia nikiuliza sasa nitamwaibisha mgeni wangu mwenyewe. Nikajiambia maneno mengi, yote kwa muda wa mfuko kutoka mgongoni mpaka chini. Kisha nikamwambia kijana, "Uweke vizuri, usichafue." Basi. Huyo ndiye mwizi wa pili. Yote yaliyofuata, kulia kwangu, minada yote ile, viatu na mshipi na unga wa Chiwata, kumbe nilikuwa namlipisha Komba na deni langu mimi humo humo, na yeye hakujua.

Misimu minne sikusema. Wiki iliyopita akaja kijana kwa babu yako na karatasi, eti ya kuandikisha mikorosho ili apate mkopo wa pembejeo, atie dole gumba. Macho ya babu yako yameingia ukungu, hata wewe unajua, maana wewe ndiye uliyekuwa unamsomea. Akamwambia yule kijana, "Mjukuu wangu anaondoka kwenda chuo. Sitii dole mpaka mpwa wangu aone. Yule tuliumia naye pamoja, hawezi kunidanganya." Yule kijana akaondoka, hajarudi, na babu yako akanihadithia kwa furaha.

Hapo ndipo nilipochoka. Akupe mtu macho yake, na wewe unajua mara ya kwanza uliona ukaficha!

Juzi nikaenda. Nikakaa chini, nikamwambia. Uzi, kanga, na ile "usichafue". Yote.

Babu yako alinyoosha mkono, akapapasa nguo niliyofunga kiunoni. Halafu akauliza, "Ile kanga iko wapi?"

"Ilichakaa, mjomba. Nikaifanya winda za mtoto wa dada."

"Kwa hiyo hata kanga yenyewe hakuna."

"Hakuna, mjomba."

Akasimama, akaenda mpaka kwenye uzio, akamwita jirani, akamwita na jirani wa jirani. Nikajua leo navuliwa mimi. Akawaambia yote, neno kwa neno, hakuficha hata kanga. Mzee mmoja akatema mate. Na yule kijana mpulizaji wa "maendeleo", akasema, "Mama Somoe, na sisi tulikupigia vigelegele!" Nikainamisha kichwa. Hata wewe hujawahi kuniona hivyo.

Kisha babu yako akasema, "Msimu huu kijana hanipulizii. Anapuliza huyu. Mikorosho yote, mizunguko yote, mpaka maua yashike. Na kila mfuko ataumwaga mbele yangu na kuuchoma moto, kama mgeni yeyote."

"Mjomba, ile mashine ni nzito, mimi mtu mzima..."

"Na mbuzi wangu walikuwa wepesi?"

Mwanamke wa Newala anayebeba ile mashine sijawahi kumwona, na kuanzia jana Chilangala nzima imemwona. Mikanda inakata mabega, injini inachoma mgongo, ukungu wa baridi umejaa shambani huoni hata mguu wako. Salfa ni ya kweli, nakuhakikishia, macho yamenivimba kama nimepigwa na mume, na mume sina. Watoto wanakuja kuchungulia. Wananiimba, na wimbo wanaujua, wamebadilisha jina tu. Kila mti nilimlaani Komba, nikafika mti wa ishirini pumzi za laana zikaisha, zikabaki za kutembelea.

Nikitoka huko ndiyo nakuandikia hii. Mzunguko hauwezi kukatwa katikati, ukiruka siku moja ubwiri unaingia. Ndiyo sababu ya kesho. Ningemwomba ruhusa ya asubuhi moja, labda angenipa. Sikuomba. Sitaki kitu chake kingine cha bure.

Wewe hukumuibia mtu, nenda kichwa juu. Wakikuletea karatasi huko chuoni, isome mbele na nyuma. Wakikwambia mama yako anaumwa toa nauli, jua mama yako ana nguvu za kubeba injini. Na siku mtu akija na doti, na wewe umeshaona uzi, sema hapo hapo, hata kama sauti itatetemeka, hata kama umeshaifunga kiunoni. Ifungue uiweke chini.

Leo saa tatu, nilipomaliza upande wa bondeni, nilijivuta mpaka barazani kwake. Kinywa kimekauka, mate ni ya njano. Mtungi uko pale mlangoni. Siku mbili hizi alikuwa hajanisemesha neno, anamtuma mtoto aniambie mti gani nimeuruka. Nikasimama, sikugusa mtungi. Unajua maji ya huku kwetu yanavyopatikana, kwenda bondeni na kupanda.

Akasikia mashine imezimwa. Akageuza uso upande niliposimama.

"Kesho uje na maji yako," akasema.

Halafu akaingia ndani, na mlango akauacha wazi.

Mama yako anayenuka kiberiti,
Mama Somoe